Musalaba ya Chaki

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 3, mwezi wa tatu, 2024

Kwako Baba,

Jambo sana. Habari ya mwili? Miguu ingali inavimba? Mimi niko muzima, ni mvua tu inanisumbua kifua. Unisalimie jirani, Mama Albertine. Angali anakuletea sahani ya bukari kila siku ya Mungu kisha misa? Umwambie sombe yake nailotaka hata ku kazi.

Telefone hausikie tena, na maandishi yake madogo uliyatukana mbele yangu. Basi hii barua nampa Nono, anakuja huko Sakania na biashara yake ya nguo. Umurudishie jibu, usilale nalo.

Baba, kuko motokari moja hapa ku garaji inataka kunimaliza. Ni ya mbio, nyekundu, iko chini sana, panya akitaka kupita chini yake anainama. Mwenye nayo anaitwa Bwana Aristote, anafanyaka karatasi ya malori ku duane, forodha ya mupaka, kule Kasumbalesa. Iko chini ya garanti mpaka mwisho wa mwezi huu. Akikata kuume polepole, nyuma kuko kitu kinasema ta, ta, ta. Akikimbia, kinanyamaza. Ameirudisha mara tatu. Ile mashini yenye tunaunganishaka na motokari ili ituambie makosa, tunaiitaka valise, haione kitu. Bantu wa fabrike yenye ilitengeneza motokari, kule Ulaya, walijibu: ni sauti ya kawaida. Chef wetu, Dan, anasema ugonjwa iko mu masikio ya mwenye motokari. Bafundi wamemupa jina, Bwana Ta-Ta, na wanacheka hata mbele yake.

Lakini nilipanda naye, Baba. Nilisikia.

Mwisho wa mwezi wataamua kama nabakia ku kazi ao narudi nyumbani. Niko mwanamuke mumoja kati ya bafundi kumi na moja. Wewe ulipiga magurudumu ya treni miaka makumi tatu. Niambie nifanye nini.

Mutoto wako,
Deborah


Sakania
Tarehe 9, mwezi wa tatu, 2024

Deborah wangu,

Jambo mama. Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa furaha tu. Miguu ni ile ile. Mama Albertine anasema ukikuja atakupikia sombe mpaka ukatae. Sahani inafika, asante Mungu, bila ule mama ningelikonda zamani.

Loo! Motokari ya bei ile, na inalia kama mulango ya nyumba ya kuku! Na bafundi kumi na moja wanaangalia mashini, hakuna mwenye anaangalia motokari.

Sikiliza. Achana na valise. Sikio pia haitoshi. Nyundo njo inauliza, gurudumu njo inajibu. Gurudumu nzima, ukiipiga, inaimba mpaka unahesabu tano. Yenye kupasuka inajibu na kunyamaza, sawa muntu mwenye umemuuliza habari ya kuku ya jirani. Sisi ku reli tulikuwa tunapita asubuhi, treni ikisimama, gurudumu kwa gurudumu, hata kama chef de gare anapiga filimbi ya kuondoka. Hakuna mukubwa aliyetukimbiza.

Pandisha motokari yako juu, magurudumu iningʼinie. Chukua nyundo ndogo. Toa mupira kwanza, sababu mupira inameza sauti. Kisha piga chuma yote ine na uilinganishe. Barabara yenu ya mashimo inapasuaka chuma ndani, kwenye macho haifike.

Na huyu Bwana Aristote, musimucheke. Muntu anajua motokari yake sawa mama anajua kilio ya mutoto wake.

Kula vizuri. Vaa kitu ku kifua.

Baba yako,
Stanislas


Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 20, mwezi wa tatu, 2024

Kwako Baba,

Jambo sana Baba, na shukrani. Kifua imepona. Natumaini na wewe uko bien.

Nilifanya vile ulisema, lakini nusu. Dan alinikataza kutoa mupira. Anasema ukitoa mupira bila ruhusa ya fabrike, garanti inakufa, na mimi nitakufa nayo. Basi nilipiga na mipira yake, saa ya chakula, wenzangu wakiwa inje. Magurudumu tatu ilijibu namna moja. Ya nyuma, kushoto, ilijibu fupi. Nilirudilia mara kumi. Kuna mara nilisikia kabisa, kuna mara niliona ni mawazo yangu. Baba, ungekuwa hapa na masikio yako ya zamani!

Nilimuambia Dan. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema jante, ile chuma ya gurudumu, ikipasuka sababu ya mashimo, garanti haiilipe, Bwana Aristote atapiga kelele, fabrike itauliza nani alifungua. Ametayarisha karatasi: «Tumeangalia, hakuna kosa». Anataka nisinye mimi, niweke jina langu chini, sababu mimi njo nilipewa ile motokari. Siku ya kusinye ni tarehe 28. Siku ya kujua kama nabakia ku kazi ni tarehe 29. Umeona vile wamezipanga.

Jana Bwana Aristote alituletea mikate ya moto, yeye mwenye tunamucheka. Aliniambia pembeni: «Deborah, mimi siko mupumbavu. Lakini wewe ukiniambia ni sauti ya kawaida, nitaamini.» Nilienda kunawa mikono. Mukate wangu niliuacha juu ya sanduku ya vyombo.

Nakuuliza kitu moja, unijibu sawa muntu wa kazi, haiko sawa baba. Wewe, mu miaka yote ile, ulishaka kusinye gurudumu yenye ulikuwa na mashaka nayo? Ulifanya nini?

Nangojea.

Mutoto wako,
Deborah


Sakania
Tarehe 23, mwezi wa tatu, 2024

Deborah,

Jambo. Huku mvua imekata barabara, Nono anasema labda atakawia kurudi. Naandika upesi ili barua imukute tayari.

Ukiwa na mashaka, haiko kosa yako kuwa na mashaka. Kwetu kulikuwa sheria moja yenye haikuandikwa fasi yoyote. Mupigaji nyundo akiona gurudumu haijibu vizuri, anaiandika musalaba ya chaki. Basi. Wago yenye gurudumu ile haitembee. Mukubwa hata akuje na koti yake ya vifungo, haiguse. Musalaba anaifuta tu ule mwenye aliiandika.

Andika musalaba yako, mama. Usisinye.

Ile ingine uliniuliza, ni habari ya zamani. Tuiache.

Baba yako,
Stanislas


Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 14, mwezi wa ine, 2024

Baba,

Jambo. Sina nguvu ya kuuliza habari, unisamehe.

Bwana Aristote alikufa. Ijumaa tarehe 5, ku barabara ya Kasumbalesa. Gurudumu ya nyuma ya kushoto ilipasuka mu mbili, motokari ikaingia chini ya lori yenye ilikuwa imesimama mu mustari wa kungojea mupaka. Alikuwa peke yake. Ameacha muke, Syntiche, na batoto babili.

Nilisinye tarehe 28. Barua yako ilikuwa bado. Dan alisimama pembeni yangu na bic mukononi, na bafundi wengine walikuwa wanaangalia, na niliwaza: Deborah, una uhakika gani? Nyundo moja, na mupira juu yake? Kesho yake Bwana Aristote alikuja kuchukua motokari. Aliniuliza kwa macho tu. Nikamuambia: «Ni sauti ya kawaida, Bwana Aristote.» Alisema asante, Baba. Aliniambia asante! Mimi nikapewa kazi.

Nilikuwa nataka kusema barua yako ilichelewa, yote ni makosa ya mvua. Haiko kweli. Nono aliniletea tarehe 2. Niliisoma. Siku tatu nzima nilikuwa na namba yake mu telefone yangu. Nilikuwa najiambia: nikimuita, nitamuambia nini? Kwamba nilidanganya? Kesho nitamuita. Kesho.

Walileta motokari ku kiwanja ya polisi, nikaenda kuiangalia. Ndani ya jante, mustari wa mupasuko uko na rangi mbili. Kipande kimoja kinangʼaa, ni cha siku ile. Kingine ni cheusi, kimejaa uchafu wa zamani. Kilikuwa pale. Kilikuwa kinaniambia ta, ta, ta.

Na wewe, nakukasirikia. Nilikuuliza kitu moja tu. Kama ungenijibu, labda ningelipata nguvu ya kumuita hata tarehe 2. Uliniambia tuiache. Mbona tuiache?

Deborah


Sakania
Tarehe 21, mwezi wa ine, 2024

Deborah wangu,

Jambo mama. Pole. Nimelia, na sikujua kama nilikuwa nalia kwa sauti mpaka Mama Albertine alipofungua mulango na kuniandikia ku karatasi: nani amekufa?

Ni huyu Mama Albertine njo inafaa niandike habari yake.

Unajua masikio yangu ilikufa kisha pension. Ni vile nilikuambia wewe, na marehemu mama yako, na bote. Ni uongo. Ilianza kufa miaka mbili mbele ya pension, ningali ku kazi. Siku moja nilipiga gurudumu na sikusikia kitu, nikafikiri ni upepo. Kisha nikaelewa. Wewe ulikuwa mu mwaka wa tano wa shule. Niliwaza: nikisema, watanifukuza, na mimi sijue kazi ingine. Basi niliendelea kupita asubuhi na nyundo, napiga, nainamisha kichwa sawa muntu anasikiliza, natikisa, napita ku ingine. Bote waliniamini. Walikuwa wanasema: Stanislas akikubali, twende. Miaka mbili, Deborah. Sikuandika musalaba hata moja.

Mulenga, bwana yake Mama Albertine, alikuwa ku breki ya wago ya mwisho siku treni ilianguka. Ulikuwa mutoto, lakini unakumbuka kilio. Walisema ni reli, iliharibika na mvua. Mimi nilienda kuona. Gurudumu ilikuwa na mustari wa rangi mbili, sawa yako. Asubuhi ile niliipiga na mukono wangu huu. Nilisinye.

Nilibeba jeneza yake. Na tangu siku ile nakula bukari ya mujane wake kila siku ya Mungu.

Uliniuliza, nikaona haya. Haya yangu imekula muntu wa pili. Usifanye sawa mimi, mama. Mimi nilinyamaza, na ona: masikio ilikufa lakini ile gurudumu naisikia. Wewe nenda kwa muke wa yule bwana. Nenda mapema, mbele sahani haijaanza kuletwa.

Baba yako,
Stanislas


Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 12, mwezi wa tano, 2024

Kwako Baba,

Jambo sana. Barua yako niliiweka siku ine bila kuweza kuifungua mara ya pili. Sijue kama nimekusamehe. Sijue pia nani ananipa haki ya kusamehe ao kukataa. Tuwache ile.

Nilienda kwa Mama Syntiche. Nilibeba kopi ya karatasi na nikamuonyesha jina langu. Nilisema: nilisikia, nikasinye. Hakunitukana. Aliniuliza tu: «Wewe njo Deborah?» Nikasema ndiyo. Akasema: «Alikuwa anafurahi. Alikuwa anasema, kule garaji kuko mumoja mwenye anasikia.» Kisha akaingia mu chumba na hakutoka. Batoto waliniangalia mpaka nikajitoa mwenyewe.

Kisha nilienda ku parquet, kwa wale wenye kushitaki bantu; waliandika maneno yangu yote, wataniita tena. Dan wamemuita pia. Ku garaji waliniambia nisirudi, hata sanduku yangu ya vyombo waliiweka inje ya mulango mukubwa. Nilirudi ku kiwanja ya polisi, na mbele ya kutoka niliandika musalaba ku ile gurudumu yenye kuvunjika. Polisi aliniuliza ni ya nini. Nikamuomba asiifute.

Nitakuja huko mwisho wa mwezi, kama parquet inaniruhusu. Lakini mbele yake niambie: wewe ulienda kwa Mama Albertine? Usinijibu tena tuiache.

Mutoto wako,
Deborah


Sakania
Tarehe 26, mwezi wa tano, 2024

Deborah wangu,

Jambo mama. Miguu inavimba, lakini ilinifikisha kwenye ilifaa nifike.

Nilienda siku ya Mungu iliyopita, kisha misa, mbele hajaleta sahani. Alikuwa anasonga bukari. Alinipa kiti ya Mulenga, sawa kawaida, na nikakaa, sababu sikujua namna ya kukataa. Nikasema yote. Labda nilisema kwa nguvu sana, kiasi ya sauti yangu siijue tena, sababu niliona jirani Exaucée na batoto bake wamesimama ku dirisha. Basi bote wanajua.

Mama Albertine aliweka mwiko chini. Kisha akasema. Alisema kwa murefu, kinywa yake inatembea, machozi hakuna. Mama, sikusikia hata neno moja. Niliogopa kumuomba aniandikie. Alipomaliza alifungua mulango, nikatoka.

Leo ni siku ya Mungu ingine, sahani haikufika. Sikuingojea.

Lakini asubuhi ya kesho yake, kisha kumuambia, nilipofungua nilikuta musalaba ya chaki ku mulango yangu, kubwa, ya mukono wenye nguvu. Alikuwa muke wa muntu wa reli, sheria anaijua. Mvua imekwisha, hakuna kitu ya kuiosha mpaka mwezi wa kumi. Exaucée amekuja na kitambaa na mayi, ananihurumia. Nimemukatalia.

Kuja, mama, nakungojea. Ukifika, sukuma mulango kwa chini, na uangalie usiiguse.

Baba yako,
Stanislas