Mashine Iliyonifelisha Udereva

Alhamisi. Machakos leo ina jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Moyo wangu hauko sawa. Nimeoga mara mbili na bado natoa jasho.

Wacha nianze na aibu yenyewe niitoe njiani. Mimi, mwalimu wa udereva kwa miaka kumi na tisa, nimefeli udereva.

Mara mbili. Wiki hii hii.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi hufundisha kwa bodi. Ni ubao mkubwa kama meza, umechorwa barabara na mizunguko na vivuko, na juu yake kuna vigari vya plastiki. Mwanafunzi anasukuma kigari kwa kidole huku akieleza kwa sauti anachofanya. Naangalia kioo, nawasha indiketa, naangalia kioo tena, naingia. Nusu ya madereva wa mji huu walianzia kwenye bodi yangu. Ukiona mtu kule Kangundo anapiga kona vizuri, huyo ni wangu. Akipiga vibaya, alisomea kwingine.

Jumatatu, Bi. Mwende, mwenye shule, akaleta mashine. Ina kiti, usukani, pedali tatu na skrini pana. Unaendesha gari lisilokuwepo katika mji usiokuwepo, na sauti ya mwanamke inakusahihisha. Bi. Mwende ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini lakini ndiye bosi, na akikuita Mwalimu kwa upole ujue kuna jambo.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "lazima na wewe uipite. Sabini kwa mia, kufikia Alhamisi. Ukishindwa itabidi tuachane. Wanafunzi wataniuliza maswali."

Nilicheka. Nikakunja mikono ya shati, nikakaa, nikaendesha.

Thelathini na moja.

Mashine haina adabu. Niliona gari linakuja mbele, nikawasha indiketa ya kulia kumwonyesha mwenzangu upana wangu unapoishia, vile dereva yeyote mstaarabu hufanya. Ikanikata alama. Mwingine akanipisha, nikamshukuru kwa honi kidogo. Ikanikata. Nikatoka lami kukwepa shimo, na kumbe shimo halikuwepo, ni mikono tu imezoea. "Umeondoka barabarani," ikasema ile sauti kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Halafu mtu akaingia kwenye kivuko anatembea kama yuko sebuleni kwake. Mimi nilitarajia aruke. Watu wetu huruka.

Hakuruka.

"Umemgonga mtembea kwa miguu."

"Amenigonga yeye!" nikaijibu. Wanafunzi sita walikuwa wamesimama nyuma yangu.

Jumanne nikapata ishirini na nane. Nyumbani nilimwambia mke wangu kiti kilikuwa kifupi. Akaniuliza kama ni kiti kilichomgonga mtu. Sijui nani alimwambia.

Na Jumatano, Mama Ndinda akapata tisini na nne. Mama Ndinda anauza mitumba Tala, na kwa wiki tatu amekuwa akiingiza kigari changu kwenye mzunguko kwa upande usiofaa. Tisini na nne! Nilimpongeza kwa mdomo tu. Roho iliuma, siwezi kudanganya.

Leo asubuhi alinikuta kwenye kile kiti kabla wengine hawajafika. Akasimama nyuma yangu, mkoba kwapani.

"Mwalimu, niko na neno."

"Sema, mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba.

"Wewe unatufundisha vizuri sana. Lakini vile unatufundisha, wewe hufanyi hivyo. Hebu sema kwa sauti, kama sisi."

Ningemjibu, lakini Alhamisi ilikuwa imefika. Basi mtu mzima wa miaka hamsini na nne nikaanza kukariri kama mtoto wa shule. Naangalia kioo. Nawasha indiketa. Naangalia kioo tena. Mkono ukienda kwenye honi, Mama Ndinda anasema "Mmh!" na mkono unarudi. Kwenye kivuko nilimngoja yule mtu avuke, afike, na nadhani hata akasalimia jamaa zake. Ningeendesha hivyo kwenye barabara ya Tala ningetukanwa mpaka na abiria wangu.

Sabini na nane!

Niliruka. Mama Ndinda akapiga vigelegele, Bi. Mwende akaja mbio akidhani kuna moto. Alipoona alama akanishika mkono kwa furaha ya kweli.

"Hongera, Mwalimu! Unajua nilikuwa na wasiwasi kama hii mashine inafundisha. Lakini kama imeweza kukunyoosha wewe, itamnyoosha mtu yeyote."

Nikacheka naye. Nilicheka mpaka nikaona ameshaita watu wawili wabebe bodi waipeleke stoo.

Ndiyo hivyo. Nimepita, na darasa limeenda. Bi. Mwende anasema nisijali, kazi iko. Mashine itafundisha ndani, mimi nitatoka na wanafunzi barabarani. Kazi hiyo ilikuwa ya Nzioka, ambaye mwezi uliopita alienda kuendesha lori la kiwanda huko EPZ, Athi River. Alituaga akisema anataka kuzeeka.

Sasa kuna jambo sijawahi kuliandika hapa wala kumwambia mtu. Naogopa kuendeshwa na mwanafunzi. Naogopa kabisa. Kila Nzioka alipougua, mimi nilisingizia mgongo. Watu wanadhani niliipenda bodi kwa sababu ya mazoea. Niliipenda kwa sababu mwanafunzi akigonga lori, unaliinua kwa vidole viwili unalirudisha mahali pake, na kila mtu anaenda kunywa chai.

Kesho saa mbili asubuhi nina somo la kwanza, kutoka hapa mpaka Tala. Mwanafunzi ni Mama Ndinda, tisini na nne kwa mia, ambaye hajawahi kugusa gari lenye injini.

Jioni hii amenipigia simu akiwa na furaha tele. Ameomba kuweka marobota mawili ya mitumba nyuma, maadamu tunaelekea huko. Nimekubali haraka. Tukigongwa kutoka nyuma yatasaidia.

Halafu, kabla hajakata, akasema, "Mwalimu, ile mashine nilikuwa naiogopa. Lakini kesho siogopi hata kidogo, kwa sababu wewe utakuwa hapo kando yangu."

Nikamwambia alale vizuri.

Sawa. Na mimi nisiogope kwa sababu nani atakuwa hapo?