Bakuli Lenye Mimba

Jumamosi. Newala kuna ukungu na baridi inayong'ata, na mimi nina nyuzi nne kwenye paji la uso.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa korosho walipojaa huku juu na magazeti binafsi yakaota kama uyoga, nilikuwa na safu ya vichekesho kila Jumapili. Nikiwa Masasi nilicheka kila kitu: mitumba, redio kaseti, wanaume waliovaa miwani ya jua hadi msibani. Sasa mchapishaji anazikusanya safu zile ziwe kitabu, na anataka kianze na "Bakuli Lenye Mimba".

Ningechagua nyingine yoyote.

Humo kuna mnunuzi wa kangomba, anayepima korosho kwa bakuli badala ya mizani, na tumbo la bakuli lake linanenepa kila msimu. Nilimvika kofia nyekundu. Nilikuwa namtania Baba Zaituni wa Mkunya, mnunuzi mwenye kofia kama hiyo. Mimi Mmakua, yeye Mmakonde, tumezoea kuitana wezi tukacheka. Lakini waliosoma gazeti hawakuwa watani wake. Walimngoja sokoni kwao wakampiga kwa mawe, kwa mipini ya majembe, mwisho kwa bakuli lake mwenyewe. Jicho la kushoto lilipasuka palepale. Baadaye bakuli lilipimwa, likakutwa halina kosa.

Sikwenda kumwona. Niliogopa, basi.

Leo nimekwenda kuomba ruhusa. Nimemwamkia, ameitikia marahaba, kisha ameniambia niisome kwa sauti mbele ya mkewe na majirani. Nimeisoma hadi mwisho. Wamecheka, na yeye amecheka kuliko wote, hadi jicho lake moja likatoa machozi.

Akaingia ndani, akatoka na bakuli lile lile, ukingo umepinda. Nilidhani ananionyesha. Pigo la kwanza limeniangusha juu ya korosho zilizoanikwa. La pili limenipasua. Jirani mmoja aliinuka kuamua, Mama Zaituni akamzuia.

"Mwache. Ni mtani wake."

Damu ilikuwa inaniingia machoni Baba Zaituni aliponiinamia.

"Sasa iweke kitabuni," alisema. "Na hii ya leo uiandike, mtani, wakucheke na wewe."

Nimekubali. Zitaingia zote mbili, ya leo nyuma ya ile.

Tangu mchana nimeianza mara tatu ili ichekeshe. Ile ya zamani niliimaliza kabla chai haijapoa.