Usimpe Mtoto Jina la Baba

Upernavik, 12 Desemba 1974

Kwako Nivi, binti yangu na mama yangu,

Barua hii ikukute mzima, wewe na hilo tumbo. Mimi sijambo, magoti tu yananisumbua, na jua limetuaga tangu mwezi uliopita, kwa hiyo hata mchana natembea na taa.

Nitakuambia vibaya kwa sababu sijui kukuambia vizuri. Baba yako alitoka tarehe nne kwenda kutazama mishipi yake ya kuvulia samaki kule barafuni. Asubuhi hiyo nilimtolea maneno makali, nikamwambia mvuvi asiyeleta kitu akae huko huko. Kesho yake mbwa walirudi wakikokota sleji, kigari chake cha barafuni, bila mtu. Kamba hazikukatika, na mbwa hawakuwa hata na njaa. Wanaume wametafuta siku sita. Mjomba wako Ujuut anasema barafu ilikuwa changa, imemmeza. Katekista alikuja kumwombea kama marehemu, nikamfukuza na Biblia yake.

Najua unachowaza. Usimpe mtoto jina la baba yako, Inooraq. Wewe tulikupa jina la mama yangu tukiwa tumeshamzika na kumpangia mawe juu ya jeneza, ndiyo maana nakuita mama bila wasiwasi. Baba yako hatujamzika. Jina ndilo mtu mwenyewe; likichukuliwa na mtoto, yeye atarudi nyumbani na nini? Niahidi.

Mama yako na binti yako,
Bebiane

Aalborg, 6 Januari 1975

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Huku tuko salama, na tumekuwa watatu. Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na nane, wa kiume, ana nywele nyingi mpaka wakunga wa Kidenmaki wanacheka.

Barua yako imefika leo asubuhi. Telegramu ya mjomba ilifika kabla ya Krismasi, ikisema baba amezama. Nililia, kisha nikafanya jambo ambalo kila mtu wa kwetu angefanya. Jana Jumapili, saa sita mchana, tumembatiza Inooraq. Nilidhani utafurahi kumpakata mumeo.

Alikuwa analia tangu azaliwe. Jina lilipotajwa alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu nani amekuja. Na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havinyooki, vile vile vya baba vilivyovunjwa na kamba ya mbwa. Niliogopa kidogo, halafu nikafurahi sana. Nisamehe.

Binti yako,
Nivi

Upernavik, 4 Februari 1975

Kwako Nivi,

Mzima? Mtoto mzima? Mimi nipo. Helikopta ya barua haikutua wiki tatu. Jua limerudi juzi, watoto wa shule wamepanda mlimani kulipokea kwa nyimbo, nami nikabaki ndani.

Kuna niliyokuficha. Tangu wiki ya Krismasi kulikuwa na mtu anayezunguka nyumba kila asubuhi, saa ya kulisha mbwa. Mbwa hawakubweka, walitikisa mikia. Kwenye uchanja wa kukaushia, samaki mmoja alitoweka kila siku, na kamba ilifungwa upya kwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto, kama baba yako. Majirani walinong'ona kwamba Inooraq amekimbilia milimani, na anayekimbilia milimani huacha kuwa mtu. Mimi niliona ni mume wangu na hasira zake tu. Nilimwekea tumbaku, nikamwita kwa jina, na kila siku nyayo zilisogea karibu na mlango.

Jumapili yenu ile, saa mbili asubuhi huku, ambayo ndiyo saa sita yenu, alifika barazani. Nilikuwa nimeshika kitasa. Nikasema, "Inooraq, ingia, kahawa ipo."

Sauti yake mwenyewe, ile ya kukwaruza, ikauliza, "Inooraq ndiye nani?"

Akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna samaki aliyeguswa. Sina haki ya kukulaumu, na bado nakulaumu.

Bebiane

Aalborg, 3 Machi 1975

Mama,

Shikamoo. Hali yangu si nzuri, sitakudanganya.

Nimejaribu kurekebisha. Mchungaji amesema jina lililoandikwa kitabuni halifutwi, kwa hiyo nikaliacha kitabuni na kuliondoa mdomoni. Kuanzia tarehe kumi na saba Februari tulimwita mtoto Hans, jina lisilo la mtu wetu yeyote. Siku ya tatu aliacha kunyonya. Siku ya tano mikono yake ikawa baridi, baridi ya mtu aliyetoka kuvuta mishipi, na daktari hakuona ugonjwa. Siku ya saba, saa sita mchana, nilishindwa, nikamwita Inooraq. Akanyonya mpaka akapaliwa.

Mama, baba akirudishiwa jina, mtoto ataondoka. Mtoto akibaki nalo, baba hatarudi tena. Wewe ndiye mkewe. Sema, nami nitafanya.

Nivi

Upernavik, 20 Aprili 1975

Kwako mume wangu Inooraq, usomewe na mama yako,

Habari za huko? Meno yameanza kukusumbua? Mimi mzima, hata magoti yamenipumzisha.

Mwambie Nivi jibu lake nililitoa kabla hajauliza. Wiki ile aliyokuita Hans, nyayo zilirudi. Siku ya saba, saa mbili asubuhi, ulisimama barazani ukasema, "Bebiane, ni mimi, Inooraq. Nifungulie."

Miezi miwili niliomba nisikie maneno hayo. Nikashika kitasa. Kisha nikawaza, jina hili amelipata wapi tena, amemvua nani? Nikajua.

Nikasema, "Inooraq yuko Aalborg, ananyonya. Wewe sikujui."

Ulikaa pale muda wa birika kuchemka. Nilisikia unavyopumua. Kisha ukaenda, na mbwa wakalia, ndipo nami nikalia.

Wiki iliyopita tumepanga mawe juu ya jeneza lenye kikombe chako cha bati tu. Katekista alisoma, nikamwomba radhi kwa kumfukuza.

Maneno yangu ya asubuhi ile uliyotoka, nayafuta. Na usinichukie kwa kukuacha nje. Mtakapokuja na meli ya kwanza ya kiangazi, mlango hautakuwa na komeo. Ingia tu, hata kwa kutambaa.

Mkeo,
Bebiane