Mbao za Shemeji Yako

Kitandililo, Makambako
10 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Clemens,

Kamwene. Habari za Dar es Salaam? Asteria na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutafuna.

Shemeji yako Yusto anaendelea vizuri. Juzi alitembea peke yake hadi kanisani, akarudi akilalamika kwamba kwaya inaimba ovyo. Nikajua mume wangu amerudi.

Sasa nisikilize vizuri.

Mwaka jana pikipiki ilipomtupa, akalala hajitambui, madaktari walisema tusubiri. Wewe ukapiga simu, ukaniuliza umri wake, mboni za macho zikoje, kama akiitwa anafumbua. Ukajaza kwenye kompyuta yako, ukasema kati ya kumi walioumia kichwa hivyo, tisa hawaponi, tujiandae. Tulikuamini. Wewe ndiye msomi wetu, na hesabu hizo ndiyo kazi yako.

Tukajiandaa. Unajua kwetu jeneza halinunuliwi wakati mtu ana shamba la miti. Tukakata misindano ambayo Yusto aliipanda binti yetu Lidia alipozaliwa, iwe ada yake ya sekondari, nayo ilikuwa haijakomaa. Mbao nilizipanga stoo kwa mikono yangu, mwenyewe akiwa bado anapumua.

Jumapili umeturushia kwenye kundi la familia video yako ukihutubia mkutano. Nilijivunia, mpaka nikasikia kwamba wewe na wenzako mliipima hesabu ile ile kwa wagonjwa wa hospitali zetu, mkakuta inawahesabia kifo wengi wanaopona, kwa kuwa ilitungwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine. Ukasema mlijua tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi, Clemens! Ulijua kipimo ni kibovu, bado ukampimia mume wangu. Wageni wa mkutanoni wanaambiwa ukweli, dada yako anaambiwa tisa kati ya kumi? Umenisaliti, na imeniuma kuliko ajali yenyewe.

Yusto amezikuta zile mbao. Amefurahi, anadhani nilimwekea akiba, na amemwita fundi Tarsis aje kutengeneza meza ya kulia chakula. Nimeshindwa kumwambia zilipasuliwa kwa ajili ya nini. Sitaweza kula juu yake.

Mama anakusalimu, Lidia pia. Msalimie Asteria, yeye hana kosa. Mungu akulinde njiani, maana utakuja, na utamwambia Yusto ukweli wewe mwenyewe kabla Tarsis hajapiga msumari.

Ni mimi dada yako, niliyekuamini,
Mektilda