Mipangilio ya Bibi Miwani

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, mgongo haujambo, na hasira ninazo tele. Jana kwenye simu ulinikatia nikiwa katikati ya maneno, kwa hiyo nakuandikia, maana barua haikatiki. Naiweka kwenye mfuko wa ofisi unaokuja huko makao makuu. Na wewe nijibu kwa karatasi. Za kwenye kompyuta sitazisoma.

Kompyuta mpya mlizotuletea ni nzuri, lakini yangu si yangu. Kwenye ile ya zamani, nikiwasha asubuhi nakuta kioo cheusi, herufi za njano kubwa kama mikate, na mshale ninaouona hata nikiwa mlangoni. Sasa kioo ni cheupe, kinaniwakia usoni, na herufi ni chawa watupu. Ulisema wewe ndiye unayechukua nakala ya mipangilio ya kila mfanyakazi, ili kila mtu akute mambo yake kama alivyoyaacha. Basi yangu uliyaacha wapi?

Malalamiko ya wateja yamejaa mezani, ya mita na ya mabomba, na kuyajibu ndiyo kazi yangu. Mkuu wa tawi ametangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao ataangalia nani anaendana na mashine mpya na nani haendani. Unajua aina ya watu anaowaangalia. Nimebakiza mwaka na kitu nistaafu, na sitaki kutolewa kwa mlango wa nyuma.

Mpokezi wetu anakusalimu.

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na majirani hawajambo. Mimi mzima, ila nimechoka. Nahamisha matawi chungu nzima, na kila tawi lina mtu mmoja anayeamini kompyuta yake peke yake ndiyo iliyorogwa.

Nimeangalia. Nakala ya jina lako ilichukuliwa, ikarejeshwa, na ripoti imesema "imefanikiwa". Hakuna kilichopotea. Ukitaka herufi kubwa, fungua Mipangilio, ingia Mwonekano, kisha buruta kile kitufe kwenda kulia. Mtoto wa chekechea anaweza. Mashine haina tatizo, shangazi. Ni wewe usiyetaka kubadilika. Uko hivyo tangu nikiwa mdogo. Hata redio yetu ilikuwa haihamishwi stesheni.

Nakala ya barua hii nimekutumia pia kwenye barua pepe. Mimi ni fundi, siamini karatasi.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hali yangu si mbaya, na barua yako imenifurahisha, hasa pale uliposema kwamba tangu ukiwa mdogo umeniona mtu imara, nisiyeyumbishwa na kila jipya, hata redio yetu ilitulia stesheni moja. Nilidhani umesahau.

Sasa turudi kwenye ugomvi wetu. Hicho kitufe hakiburutwi. Mpokezi amejaribu, na mimi nimejaribu mpaka kidole kimekufa ganzi. Kinaandika kwamba mabadiliko yamefungwa na makao makuu. Yaani nyinyi. Mmefunga mlango, halafu unaniambia niusukume!

Juzi nimeharibu. Kuna mteja amekatiwa maji, nikamwandikia kwamba bomba lake linavuja, alifunge vizuri. Mwenye bomba linalovuja nikampa pole kwa kukosa maji. Wote wawili walifika ofisini na barua zao mkononi, na waliposomeana, mmoja alicheka. Mkuu hakucheka. Alizichukua barua zote mbili akazitia kwenye faili langu.

Nataka ile yangu. Hiyo mpya sikuiomba.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, yako natumaini hivyo hivyo, na leo sizunguki.

Unanikejeli? Sikusema wewe ni imara. Nilisema wewe ni mbishi. Na aliyefunga vitufe si mimi. Wakubwa wameamuru kompyuta zote zifanane.

Hata hivyo nimeacha kazi zangu nikaichambua nakala yako mstari kwa mstari. Shangazi, akaunti yako haijawahi kutumika hata siku moja. Ni nyumba ambamo hajalala mtu tangu ijengwe. Miaka yote hii ulikuwa ukiingia wapi? Nilikutetea mbele ya bosi wangu, nikasema mipangilio yako imepotea, akafungua na kunionyesha patupu. Nimeaibika.

Kama kazi imekushinda, staafu, uwapishe wenye macho ya kusoma maelekezo.

Nakala iko kwenye barua pepe kama kawaida.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo nina nafuu, na ni kwa sababu yako. Nimefuata ushauri wako: kama kazi imenichosha, nipumzike, niyahurumie macho yangu. Jumamosi nililala mpaka jua likawa juu.

Lakini umejuaje habari za macho? Anayejua hapa ni mpokezi tu, na anaapa hakukwambia. Kwa kuwa umeshajua, acha nimalize.

Jicho la kulia limekwisha. La kushoto lina ukungu. Daktari anasema halitarudi lilikotoka, ila huenda likasimama hapo lilipo. Meza hii niliirithi kwa karani mmoja tuliyemwita Bibi Miwani. Yeye ndiye aliyepanga kioo cheusi na herufi za njano. Alipostaafu hakuna aliyeifunga akaunti yake, na mimi nilikuta kompyuta imewashwa, nikakaa. Neno lake la siri ni jina la paka wake, ofisi nzima inalijua. Ukungu ulipoanza nikaona Mungu amenitangulia. Tangu siku ya kwanza kwenye meza hii, kila asubuhi nilikuwa naingia kwa jina la Bibi Miwani. Ndiyo maana kwangu ni patupu.

Kwa zile herufi nafanya kazi kuwashinda vijana. Bila hizo nakaa tu hapa nikijaza kiti. Usimwambie mkuu, nakuomba.

Shangazi yako

4 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mashine, nikashindwa kutoka. Sikuwa najua lolote. Lile neno la macho nililisema kwa hasira tu. Nisamehe. Nisamehe sana.

Kosa la nakala ni langu pia. Nilichukua za waliopo kazini peke yao, waliostaafu niliwaruka. Kumbe kwa kumruka Bibi Miwani nilikuwa nakuruka wewe. Bahati nzuri mashine zenu za zamani zilirudishwa huku stoo, zinasubiri kufutwa. Nimepekua hadi nikaipata yako, nikaulizia jina la paka ofisini kwenu, nikaliandika, ikafunguka. Kioo cheusi, herufi za njano, kila kitu kipo. Nimeshatoa nakala mbili.

Sasa kuna kizuizi. Nilijaribu kukurejeshea kimyakimya, lakini mfumo unafuta kila kisicho na kibali. Linahitajika ombi lenye sababu na saini ya mkuu wa tawi. Nimejaribu kutunga sababu nyingine, zote zimekataliwa. Sababu ya kweli ni neno moja tu, na siwezi kuliandika bila ruhusa yako.

Mwisho wa mwezi unakuja, shangazi.

Mwanao

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei. Mfuko wa ofisi umeshakuja mara mbili bila barua yako, na ombi sijaliona. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Niambie tu kama u mzima.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima. Hii nimeichapa kwa mkono wangu, na hapa mbele yangu ni ya njano.

Kimya changu kilikuwa woga. Niliuzunguka mlango wa mkuu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikaingia, nikalisema hilo neno. Aliniuliza kwa nini nilificha. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya hiyo habari yake ya nani anaendana na nani haendani. Akavuta kalamu, akatia saini. Anataka cheti cha daktari, na ameniweka kwenye uangalizi wa miezi mitatu. Si ushindi, lakini bado naingilia mlango wa mbele.

Jana asubuhi nikawasha, kioo kikawa cheusi, nikalia mbele ya mpokezi bila haya. Kisha nikafungua barua pepe nikakuta nakala zako zote zimepangana. Nikaanza na ya kwanza.

Mwanangu, barua zako za karatasi sikuwahi kuzisoma. Unachapa herufi ndogo mno. Mpokezi ndiye aliyekuwa akinisomea, tumefunga mlango. "Mtoto wa chekechea anaweza." "Staafu, uwapishe wenye macho." Yote nimeyasoma mwenyewe, herufi moja moja, kubwa kubwa. Nikamwita mpokezi. Alisimama pale akikunja leso yake. "Mama," akasema, "ningekusomea vile ilivyoandikwa, ungemaliza siku?" Hata msamaha wako aliuruka, maana angeuunganisha na kosa gani?

Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Msamaha nimeusoma mara nne, umenilegeza, lakini hasira bado ipo na itakaa kidogo.

Ila jana kutwa nilikuwa nawaza zile barua nyingine, zile nilizozisikia. Ndizo zilizonipeleka kwa mkuu. Nilibisha hodi kwa sababu nilijua yupo mtu huko anayeniona imara. Nimemwomba mpokezi anisomee tena. Anasema hazikumbuki, alikuwa akizitunga papo hapo. Hazina nakala popote.

Wewe ndiye fundi. Nirejeshee.

Shangazi yako