Shemeji Yako Kaongeza Nguvu ya Gari

Anna we, upo? Nimejifungia chooni nicheke kwanza.

Shemeji yako Elibariki jana kaenda Mwenge kwa jamaa mmoja wa laptop, akapangiwa upya kompyuta ya gari ili injini iongezeke nguvu. Mie nilijua kaenda kumwaga oili!

Leo tunampeleka mama yangu kwenye sherehe ya kipaimara Kibamba. Kwenye kilima cha Kimara tukapitwa na gari aina ya Noah. Elibariki roho ikamuuma. "Mama, shika vizuri." Akakanyaga.

Anna, gari liliruka! Mama aliita watakatifu wote, na wasiokuwemo. Hatujafika mbali, harufu ya kuungua, gia hazishiki, moshi. Tumesimama kando ya barabara, mama na kitenge chake kipya, shemeji yako jasho linamtiririka.

Tukampigia simu fundi Albano, akaja, akachomeka kimashine chake cha kupimia gari, akaguna. "Nguvu imeongezeka, kweli. Ila giaboksi na feni vilitengenezwa kwa nguvu ile ya mwanzo. Kiwanda kiliibana hiyo nguvu makusudi, gari lidumu hata kwenye joto na foleni na mafuta mabovu. Nani kachezea hii kompyuta?"

Nani kachezea!

Elibariki, mume wangu wa ndoa kanisani, akaninyooshea kidole mie. MIE!

Mama akamtazama weee, halafu akasema taratibu, "Baba, huyu? Huyu hata rimoti ya tivii namwashiaga mie."

Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Mie mpaka sasa sijui nilitetewa au nilitukanwa.