Nyumba Iliyoimba Kuliko Zote

9 Januari

Kwa mdogo wangu Msasa,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo wewe, na Mama hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anakificha nyuma ya kikombe cha chai? Mimi mzima, ila miguu imevimba, maana ofisi yetu ya Waswisi haijui kukaa. Wiki iliyopita tulibeba darubini hadi uwanja wa shule, watoto wakauona mwezi, na mmoja akaniuliza ni nani anayeufagia. Kesho yake tulikuwa na jioni ya filamu. Mwezi ujao wanafunzi wa hapa watabadilishana vyumba na wanafunzi wa kule Uswisi. Ndiyo kazi yetu hiyo: sayansi kidogo, sanaa kidogo, na watu wa mitaani wakutane na wageni bila kuogopana.

Sasa nisikilize, na uache kuparuza mbao kwanza. Nimepewa mradi wangu mwenyewe! Unaitwa Pumzi za Nyumbani. Tunatundika visanduku vya kupima hewa katika nyumba za watu wa kawaida, vyenyewe vinatuma vipimo ofisini, halafu mwanamuziki Mswisi anavigeuza kuwa sauti. Hewa ikiwa safi sauti inatulia chini, ikichafuka inapanda. Mwezi wa sita tunafungua maonyesho. Mradi ukienda vizuri nitapelekwa Uswisi mwaka mzima, niuongoze na kule. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kuwapangia wengine viti. Nafasi hii naitaka, sikufichi.

Nyumba yetu nimeiweka mradini. Kisanduku anacho huyu dereva aliyekuletea barua. Kitundike chumbani kwa Mama, kwenye ule ukuta wa mbao unaopakana na karakana yako. Sharti ni moja, na ukilivunja nitakuja kukupiga msasa mimi mwenyewe: msibadilishe chochote hadi Juni. Mlivyozoea kuishi, ishini hivyo hivyo. Mkifungua kilichofungwa au mkihamisha vitu, vipimo vinaharibika na nyumba inatolewa.

Msomee Mama. Barua ni yake pia.

Dada yako.


2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tunashukuru. Mama amefurahi kupata barua. Simu anasema inakula maneno, barua unairudia mpaka ushibe. Nimemsomea mara nyingi kiasi kwamba sasa ananisahihisha.

Kisanduku kimetundikwa. Siku ya kwanza Mama alikisalimia. Siku ya pili akakikaribisha chai. Ya tatu akaniambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mbona anakonyeza taa tu?" Nikamweleza kwamba anafanya kazi, anapima. Sasa akitaka kunisema vibaya anatoka kwanza chumbani, eti Waswisi wasije wakasikia mambo ya nyumbani kwetu.

Kuna jambo nikuarifu. Nilikuwa nimepata banda kule kwenye maghala ya zamani, nihamishie karakana. Oda za vitanda zimeongezeka, napulizia vanishi kutwa nzima, na Mama analalamika kwamba harufu ya thina ninayoyeyushia vanishi inapita kwenye mbao hadi kwenye chai yake. Nilikuwa nihame mwezi huu huu. Lakini umesema tusibadilishe, basi nimemwomba mwenye banda anisubiri hadi Juni. Na lile dirisha la Mama tulilolipigilia misumari wakati ule wa wezi, alitaka niling'oe apate upepo. Nimemwambia avumilie kidogo, Dada anatafuta Uswisi. Akacheka, akasema, "Haya, tukae kama tunapigwa picha."

Anakohoa, lakini unamjua. Ukimuuliza anasema ni koo linatafuta maneno.

Mdogo wako,
Msasa.


11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu sana. Natumaini hamjambo nyote. Nisamehe kwa kukawia, mwanamuziki amefika na hatulali. Ni kijana mwembamba, anakula akiwa amesimama, na amejifunza kusema "hapana shida" kiasi kwamba sasa anaisema hata palipo na shida. Ameketi na vipimo vya nyumba zote. Alipofika kwenye yetu alivua zile spika za masikioni, akanivalisha mimi, akanishika bega. Msasa, nyumba yetu inaimba kuliko zote! Nyingine zinanung'unika tu. Yetu inaanza chini asubuhi, halafu inapanda, inapanda, inakaa juu hadi jioni, kisha inashuka taratibu wewe unapofunga kazi. Alisema maonyesho yote yatajengwa juu ya nyumba ile. Mkurugenzi wetu, mama mmoja wa Kiswisi, naye amekuja kusikiliza.

Mama anaendeleaje na kifua? Nilikuwa nawaza, kama anapenda, si angelala chumba cha mbele? Kule kuna mwanga, na ataona wapita njia. Si lazima. Ni wazo tu la binti anayemkumbuka mama yake. Kisanduku kiache palepale kilipo.

Dada yako akupendaye.


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii sijamsomea Mama.

Nilimwambia habari ya chumba cha mbele. Hataki. Anasema akiwa kule nyuma anasikia randa yangu, anajua nipo, na kule mbele atakuwa kama mgonjwa anayesubiri zamu. Ningeweza kumlazimisha, ila nami nimechanganyikiwa. Januari ulisema tusihamishe kitu. Kumhamisha Mama si kuhamisha? Hapo kipimo hakiharibiki?

Anakohoa vibaya sasa. Asubuhi midomo inakuwa na rangi nisiyoipenda. Nikipulizia vanishi namsikia upande wa pili wa ukuta, nasimama, naye anagonga ubao kuniambia niendelee, oda za watu zisichelewe.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiyo nyumba kuimba kuliko zote maana yake nini? Wewe ndiye umesoma mambo hayo. Mimi naona ubao, gundi na msumari. Kama hewa ya mle ndani ni mbaya, niambie ndiyo, leo hii naondoka na karakana yangu, Uswisi itatusamehe. Kama si mbaya, niambie hapana, nami nitatulia. Neno moja tu linanitosha.

Mdogo wako,
Msasa.


4 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Mama. Hii unaweza kumsomea.

Barua yako ilinikuta katikati ya heka heka, ndiyo maana nimechelewa. Usijitie hofu. Nyumba yoyote yenye fundi ndani ina hewa ya kifundi, na vipimo ni mambo marefu, huwezi kuvichomoa kimoja na kukisoma peke yake. Wataalamu watavieleza vyote siku ya ufunguzi, kwa pamoja, vizuri. Imebaki kidogo tu. Baada ya hapo hamisha karakana, ng'oa madirisha yote ukitaka, mimi mwenyewe nitakushikia nyundo.

Nimemtumia Mama dawa ya kifua, ile nzuri, na shali. Tarehe 6 Juni dereva atakuja kuwachukua. Mtakaa mstari wa mbele. Wewe vaa shati lisilo na doa la vanishi, kama lipo. Mama atasikia nyumba yake ikiimba ukumbi mzima, na watu wakubwa watasimama kumpigia makofi. Nimeota siku hiyo, Msasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nimeunda kwa jasho.

Dada yenu.


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama yuko hospitali.

Jumanne sikusikia akigonga ubao. Nilizima kompresa ya kupulizia, nikaita, nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, anaitafuta pumzi na haipati. Nilimbeba hadi barabarani. Sasa yuko kwenye oksijeni. Nilikupigia simu ofisini nikaambiwa uko ukumbini mnajaribu spika, watakuachia ujumbe.

Daktari ameniuliza anavuta nini. Nikamwambia hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Akasema, "Sikuuliza sigara, nimeuliza anavuta hewa gani." Nikamweleza. Alininusa shati, akaandika.

Mama akipata nguvu anawaambia wauguzi binti yake yuko na Waswisi. Wameshachoka kuisikia, lakini wanamwitikia. Jana alitoa ile barakoa akasema, "Atakuja lini?" Nikasema karibu. Basi njoo. Usije na kitu, njoo wewe.

Karakana nimeifunga. Dirisha nimeling'oa, misumari yote. Wasikutoe mradini kwa ajili yake, lakini kama ni kutoa, watoe.

Mdogo wako.


28 Mei

Mdogo wangu,

Nimelia hadi macho yameziba. Mwambie Mama namwombea kila saa. Nimezungumza na daktari kwa simu, amesema hali imetulia kidogo, basi nami nimepumua. Nikiondoka sasa kazi yote inaanguka, hakuna mwingine anayeijua. Nitakuja tarehe 7 asubuhi na mapema, ufunguzi ukishapita, na nitakaa naye mpaka anichoke. Mwambie anisubiri. Mama anajua kusubiri.

Dada yako.


2 Julai

Mdogo wangu Msasa,

Salamu. Tangu tumzike Mama hatujaandikiana, na siku ile ya mazishi hukuniangalia. Nilifikiri ni huzuni. Nami huzuni imenila. Kila nikifumba macho naiona ile saa niliyofika mlangoni mwa wodi nikakuta wameshamfunika. Usiku mmoja tu, Msasa! Nilichelewa usiku mmoja, na nitaujutia hadi kaburini.

Najua si wakati wake, lakini tarehe zinanibana. Maonyesho yalipokewa vizuri kuliko tulivyotegemea. Watu walikaa gizani wakasikiliza nyumba yetu, wengine walilia bila kujua ni ya nani. Sasa Uswisi wanayataka, na mimi naondoka mwezi wa tisa. Mwanamuziki anataka kipande cha nyumba yetu kipewe jina la Mama, kiwe kumbukumbu yake. Nimeona ni heshima kubwa. Kwa kuwa mwenye nyumba amefariki, ofisi inataka ruhusa ya familia, na mkurugenzi amesema lazima isitoke kwangu kwa sababu mimi ni mfanyakazi wao. Itoke kwako. Sema tu kwamba unakubali. Mama angependa, unajua alivyojivunia.

Nijibu, mdogo wangu. Tumebaki wawili.

Dada yako akupendaye.


16 Julai

Dada,

Mimi mzima. Karakana iko kwenye maghala sasa, hewa inapita pande zote.

Mkurugenzi wenu alikuja Jumamosi kutoa pole. Alikuja na dereva tu, bila kamera. Nilimpa stuli, akaikataa, akakaa kwenye gogo. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, kama Mama aliteseka sana. Halafu akauliza aliugua vipi wakati alikuwa ameshahamia chumba cha mbele.

Nikamuuliza nani alihamia chumba cha mbele.

Ndipo akanieleza. Kwamba mwezi wa tatu vipimo vya chumba kile vilipita kiwango cha hatari. Kwamba kwenu ni sheria, nyumba ya namna hiyo inaambiwa siku hiyo hiyo na watu wanatolewa ndani, maonyesho au hakuna maonyesho. Kwamba yeye alitaka kuja mwenyewe, na wewe ukamwambia hakuna haja, ni nyumbani kwenu, umeshatuambia, Mama ameshahama, kisanduku kimebaki kupima chumba kitupu. Alikuwa anazungumza huku ananitazama, na alipoona uso wangu akajua hakuna aliyetuambia. Yule mama alilia, Dada. Kwenye vumbi la mbao, na nguo zake zile.

Mimi sijalia. Nina hasira na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Nalala nayo, naamka nayo, nashindwa hata kula.

Sijitoi lawamani. Bomba la vanishi lilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie dirisha. Daktari hakusema ni thina peke yake, alisema kifua kile kizee hakikuhitaji nyongeza. Sehemu yangu nitaibeba. Lakini mimi niliuliza. Nilikuandikia nikitaka neno moja, ndiyo au hapana, na ulikuwa nalo mezani, na ulijua ni lipi. Ukaniletea habari za shati langu. Ukamtumia Mama shali. Kwangu ulisema si lazima, kwa mkurugenzi ulisema ameshahama, na katikati ya maneno hayo mawili Mama akaendelea kuvuta hewa ile ili sauti yenu isishuke.

Unasema ulichelewa usiku mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huu ugonjwa uliouficha haukuwa wako. Siku ile ya mazishi sikukuangalia kwa sababu nilikuwa na aibu mbele yako. Nilidhani nimemuua mama yako. Umeniacha niamini hivyo tangu Juni, na bado ukapata mkono wa kuniandikia habari za jina lake.

Mkurugenzi aliniambia jambo la mwisho akiwa anaondoka. Alisema nikikataa, kipande hakitapigwa mahali popote, na wewe safari yako ataiangalia upya. Hakunisukuma huku wala kule. Nimekaa na neno hilo siku hizi zote. Kukataa ni rahisi, na ningelala vizuri siku moja au mbili. Kukubali pia ni rahisi, wewe uende mbali na nisikuone.

Lakini ruhusa unayoniomba si yangu kutoa. Ile pumzi ilikuwa ya Mama. Yeye alikuwa hapa tangu Machi hadi Mei, akili timamu, anakusubiri, na ungemwomba angekupa. Ungemwambia ukweli wote, kwamba hewa inamuua na wewe unaihitaji, na bado angekupa, kwa jinsi alivyokupenda. Hukumwomba, basi ruhusa haipo.

Usiniandikie tena.

Fundi samani.